Mtaa Uliopakwa Kijani

Siku ile ukumbi wa mji ulijaa kama zahanati siku ya chanjo. Watu walisukumana kuizunguka meza moja ndefu, na juu ya meza hiyo ulilazwa mji mzima, umechorwa kwenye karatasi pana kama kapeti la sebuleni. Wakubwa walikuwa wamewaita wananchi waje kuona mji wao utakavyokuwa baada ya miaka ishirini. Mashimo ya mwaka huu walikuwa hawajayafukia, lakini ile miaka ishirini walishaimaliza.

Katikati ya msukumano alikuwepo fundi makochi mmoja, mtu wa makamo, ambaye mtaani kwao hakuna aliyemwita jina jingine ila Sponji. Alikuwa amevaa shati lake la kutokea, limepigwa pasi mpaka likawa na makali, lakini nywelini bado zilimng'ang'ania chembe za sponji ambazo hata aoge mara ngapi hazikumtoka. Aliinamia ramani, akakodoa macho, akaitafuta nyumba yake. Hakuiona. Akaanza kuhisi kwamba labda haipo.

"Samahani, kaka," sauti ya kike ikamwambia. "Unausoma mji kichwa chini."

Akainua uso. Ng'ambo ya meza alisimama mwanamke mwenye gauni la rangi ya chungwa lililomkaa vizuri kiunoni, penseli kaichomeka kwenye nywele, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Mji wenyewe ndio umesimama kichwa chini," Sponji akajibu. "Mimi nausoma sawasawa."

Mwanamke akacheka, akafunika mdomo haraka kama aliyeibiwa kicheko. "Zunguka huku. Kaskazini iko upande wangu."

"Ndiyo maana huku kwetu hakuna hata taa."

Akazunguka. Alipofika karibu yake alinusa sabuni ya unga na wino mbichi.

"Unakaa wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha sabuni, kile kilichofungwa. Mtaa wenyewe hauna jina, wakubwa hawajapata nafasi ya kuupa."

Yule mwanamke akateremsha kidole chake juu ya karatasi, akapita stendi, akapita soko, akapita barabara kuu, akakisimamisha. Kile kidole kidogo kilifunika nyumba ya Sponji, karakana yake na majirani wote.

"Ni hapo tu?" Sponji akauliza.

"Ni hapo tu. Mimi ndiye mchoraji, napajua. Umekuja kuomba nini?"

Sponji akakitazama kile kidole. "Njia. Gari la wagonjwa liweze kuingia. Mwaka juzi lilisimama barabara kuu likashindwa kufika kwetu. Mke wangu tukambeba watu wanne juu ya kochi la mteja. Kochi lilifika. Yeye hakufika."

Mchoraji akavua miwani. Hakusema pole, pengine kwa sababu ilimkwama, na Sponji akampenda kwa hilo kabla hajajua kwamba amempenda.

"Utaratibu wa hapa," akasema taratibu, "kila anayeingia anabandika stika moja kwenye ramani. Nyekundu palipo na shida, kijani unapopapenda. Kwako ni ipi?"

"Zote mbili."

"Chagua moja. Ndivyo walivyotuelekeza wataalamu."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibikia, wala hakuna aliyeona. Asubuhi ile Shangazi yake, aliyemlea na ambaye sasa miguu ilikuwa imemgomea, alikuwa amemshika mkono kitandani akamwambia: "Ukienda huko, baba, usiguse kitu chekundu. Kila nilipoona serikali imeweka rangi nyekundu, sikukawia kuona tingatinga." Na si Shangazi peke yake, mtaa mzima ulijua hivyo. Nani awalaumu? Nyekundu ndiyo waliyoizoea ukutani.

"Nipe kijani," Sponji akasema.

Kesho yake akarudi. Akasema amesahau kuuliza jambo kuhusu mifereji. Mchoraji akamweleza mifereji, akampa stika, naye Sponji akabandika ya kijani. Siku iliyofuata akaja kuuliza shule. Halafu soko. Mlinzi wa mlangoni akaanza kumpigia saluti.

"Leo umekuja kuuliza nini?" Mchoraji akamwuliza siku moja, ukumbi ukiwa mtupu, feni inalalamika darini.

"Nimekuja kuuliza kama umekula."

"Hilo halimo kwenye mpango wa miaka ishirini."

"Ndiyo maana mpango wenu hauna ladha."

Akampa stika huku anacheka. "Bandika, usije ukanifukuzisha kazi. Mtu hatoki humu mikono mitupu."

Akabandika. Kwa kipindi chote ramani ilipokuwa wazi Sponji hakukosa, na kila alipotoka aliacha doa jingine la kijani nyuma ya kiwanda cha sabuni, mpaka kona ile ya mji ikawa kama imeota nyasi. Wote wawili waliliona lile zulia la kijani, wakalichekea. Lilikuwa kama siri yao, wameiweka mezani mbele ya watu wote.

Nyumbani Shangazi alikuwa hakosi la kusema. "Unanyoa ndevu kila siku. Ramani gani hiyo inayotaka mtu mwenye kidevu laini?"

"Naushughulikia mtaa, Shangazi."

"Mtaa huo una kiuno?"

Wakapeana namba. Mchana, bunduki ya pini ikiwa imetulia na gundi inakauka, simu ya Sponji ilikuwa ikilia juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Haya, mwenzangu, jana umelala kwa nani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la Mchoraji kila siku. Nyumba ile ilikuwa na chumba kimoja, na chumba kilikuwa cha Shangazi. Sebule ndiyo ilikuwa karakana. Kwa hiyo Sponji alilala kwenye kochi lolote la mteja lililokuwepo.

"Kwa mwalimu mkuu," akajibu. "Springi zake zina hasira."

"Na juzi?"

"Kwa mchungaji. Kochi limechoka katikati, bila shaka hupokea wageni wazito."

"Unanisaliti na makochi ya watu, mpenzi."

"Njoo unitoe huko, basi."

Akasikia pumzi yake, halafu sauti ikabadilika. "Sikiliza. Nyumbani tulikuwa tisa chumba kimoja. Chuoni, bweni. Sasa napanga na wenzangu wawili, mmoja anakoroma. Nawachorea watu mipaka mji mzima, lakini mwenyewe sijawahi kufunga mlango nikabaki na mtu wangu. Sitaki jumba, Sponji. Nijengee chumba kimoja tu, nitakuja."

"Kimoja?"

"Chenye mlango."

Wiki ile ile Sponji akachimba msingi nyuma ya nyumba. Alichimba mwenyewe, bila shati, akiimba vibaya. Shangazi alibebwa pamoja na kiti chake akawekwa kivulini kusimamia.

"Chumba kidogo," akalalamika.

"Kinatosha watu wawili."

"Na wakizidi?"

"Wakizidi nitawalaza kwa mwalimu mkuu."

Hakuwa amecheka hivyo tangu amzike mkewe. Kuna watu furaha inawakaa kama koti la kuazima, hawajui waweke wapi mikono.

Siku ya kutangazwa mpango, wananchi waliitwa tena. Safari hii kulikuwa na viti vyenye vitambaa, kipaza sauti, na wageni waliokunywa maji ya chupa. Sponji alivaa koti. Alikaa safu ya tatu ili amwone Mchoraji vizuri, aliyesimama kando ya ukuta na gauni jeupe, mikono imefumbatwa, hatabasamu. Sponji akadhani ni kwa sababu ya wageni.

Mkuu wa Mipango alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Akavuta pazia. Ramani mpya ikaonekana ukutani, imepakwa rangi kama peremende.

"Ndugu wananchi," akasema, "safari hii hatukujifungia ofisini. Tuliwauliza nyinyi. Na mkatuonyesha wenyewe mahali mnapopapenda kuliko pote katika mji huu." Fimbo yake ikapita stendi, ikapita soko, ikapita barabara kuu, ikasimama nyuma ya kiwanda cha sabuni. "Mahali palipopendwa namna hii hapawezi kuachwa kwa watu wachache. Tumepatenga pawe bustani ya mji mzima!"

Wageni wakapiga makofi. Sponji naye, kwa mazoea ya kukaa mikutanoni, mikono yake ilipiga makofi mawili kabla kichwa hakijaelewa. Halafu akaona. Hakukuwa na nyumba pale, wala njia ya gari la wagonjwa. Palikuwa kijani tupu, na miti midogo ya duara imechorwa vizuri, kwa mkono anaoujua.

Akamtazama Mchoraji. Mchoraji akatazama sakafu.

Sponji akainuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka.

Simu ililia mchana ule, na kesho yake, na keshokutwa. Hakuipokea. Badala yake alikuja mkaguzi wa ujenzi, kijana nadhifu, akasimama ukingoni mwa msingi kama anayechungulia kaburi.

"Huu usimame, mzee. Hapa sasa ni eneo la wazi."

"Eneo la wazi?" Shangazi akadakia toka dirishani. "Mimi nimelala humu na miguu mibovu, wewe unaniambia ni wazi?"

"Hakuna anayewafukuza, bibi. Msijenge tu. Wala msikarabati kwa saruji."

"Tukae tukisubiri nini?"

Kijana akakuna shingo. "Mimi natumwa tu," akasema, na pengine ilikuwa kweli. Katika nchi hii ya karatasi kila mtu ametumwa, na aliyetuma humwoni.

Wiki ikapita ndipo Mchoraji akaja mwenyewe. Alikuja kwa miguu, viatu mkononi, kwa sababu njia ilikuwa tope na hakuna gari lingeingia. Akasimama mlangoni pa karakana. Sponji alikuwa amepiga magoti akivuta kitambaa cha velveti juu ya mgongo wa kochi, pini kazibana kwa midomo. Hakugeuka.

"Sponji."

Akazitema pini moja moja. "Miti umeichora vizuri."

"Niliambiwa nipake."

"Na msingi wangu je? Uliujua. Nilikueleza kwa simu kila futi."

"Niliambiwa siku mbili kabla. Nilikupigia? Sikukupigia. Niliogopa, nikadhani nitapata njia ya kuwageuza." Sauti ikamkatika. "Tena kuna jambo hulijui, na bora unichukie kwa ukweli kuliko kwa kubahatisha. Unajua kwa nini walipachagua hapa?"

"Kwa sababu ni pa maskini."

"Kwa sababu ya stika. Wataalamu walihesabu za kijani. Hapa palizidi kote. Majirani zako walibandika kijani kwa kuogopa nyekundu, na zilizobaki..."

Sponji akabaki na nyundo mkononi. Uso wake ukapauka taratibu, kama kitambaa kilichoanikwa juani kwa muda mrefu.

"Zilizobaki ni zangu," akasema.

"Zako. Nami ndiye niliyekupa, moja baada ya moja, kwa sababu nilitaka urudi. Siku ya kuhesabu nilikuwepo. Nikasubiri mtu aulize, inakuwaje kijimtaa kidogo kipendwe hivi? Hakuna aliyeuliza. Na mimi nikanyamaza, maana ningesema ningeulizwa nilikuwa nafanya nini na wewe saa za kazi."

Toka chumbani Shangazi akasema, kwa sauti ya chini isiyo yake, "Jamani. Yaani posa ndiyo imetuvunjia nyumba."

Hakuna aliyecheka. Sponji akakaa sakafuni, katikati ya chembe za sponji. Hasira aliyokuwa ameitunza wiki nzima ilikuwa imepoteza pa kwenda. Mchoraji akaja akakaa kando yake na gauni lake safi, mabega yakagusana, wakabaki hivyo kama watu waliokosa gari la mwisho.

"Twende kwa Mkuu," Mchoraji akasema hatimaye. "Nitamwambia yote. Wanifukuze."

Walikwenda. Mkuu wa Mipango aliwakaribisha vizuri mno, akawaagizia chai. Ukitaka kujua kwamba huna lako, tazama wanavyokukaribisha. Mchoraji akaeleza, hakuficha kitu, hata aliposema neno "mpenzi wangu" hakuinamisha macho. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, akakoroga chai yake.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini fikiria, dada. Nikisema stika za mtaa ule zilikuwa za mtu mmoja, nitaulizwa za mitaa mingine zilikuwa za nani. Nami sijui. Hakuna anayejua. Mpango mzima utaanguka."

"Si uanguke?" Sponji akasema.

"Umeshapigwa muhuri juu, ndugu yangu. Hata mimi siwezi kuugusa. Utapitiwa upya baada ya miaka mitano."

"Na bustani itajengwa lini?"

"Hiyo itategemea fedha. Huenda mwakani, huenda ule mwaka wa ishirini. Huenda isijengwe."

"Kwa hiyo hatuhami na hatujengi."

"Mnaendelea na maisha kama kawaida," Mkuu akasema kwa upole, na akaamini kabisa kwamba amewafariji.

Hawakumfukuza Mchoraji, walimfanyia vizuri zaidi. Walimpa barua ya pongezi na kumhamishia mji mwingine, safari ya siku nzima, kwenda kuanza ramani ya huko kwa sababu ana uzoefu.

"Twende wote," akamwambia Sponji siku ya kuaga, wamesimama kando ya ule msingi. "Makochi yapo kila mji."

"Na Shangazi nimbebe vipi? Nyumba nimwuzie nani? Nimeshauliza. Mtu akisikia ni upande wa kijani, anakumbuka ana safari."

"Basi nitabaki mimi."

"Ubaki ukae wapi, mama? Nikulaze wapi?" Akamshika mikono, akaitazama ile midogo yenye madoa ya wino. "Nenda. Ulichoniomba ni kimoja tu nami kimenishinda."

Alitaka abishiwe. Mchoraji naye alitaka azuiwe. Wakasimama hivyo, kila mmoja akingoja neno la mwenzake, mpaka honi ya teksi ikasikika kutoka mbali barabara kuu, mahali magari yanapoishia.

Miezi ikaenda. Simu za kila siku zikawa za Jumamosi, halafu za kuulizana hali. Utani wa makochi ukafa wenyewe, hakuna aliyeuua. Sponji akaacha kunyoa. Shangazi aliona lakini hakutania, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

Mpaka mchana mmoja simu ikalia, si Jumamosi.

"Sponji."

"Nipo."

"Leo tumefungua ukumbi huku. Wamenipa stika nigawe." Nyuma yake kulisikika kelele za watu na mizigo. "Akaja bibi mmoja, ana fimbo. Akaninong'oneza, mwanangu, nibandike ipi nisivunjiwe? Nikakosa la kumjibu. Nimesoma miaka yote ile, Sponji, nikakosa la kumjibu bibi wa watu."

"Ukafanyaje?"

"Nikazirudisha mezani nikatoka. Niko stendi."

Sponji akauweka msumeno wa kukatia mbao chini polepole. "Kazi umeiacha?"

"Watampata mwingine wa kupaka. Wanampata kila mara."

"Mpenzi, nikwambie kweli. Chumba hakuna."

"Najua."

"Na hakitakuwepo. Juzi mkaguzi amepita tena. Na wanaweza kuja siku yoyote na mashine zao, kesho au tukiwa na mvi."

"Najua, Sponji. Mpango huo niliuchora mimi."

"Sina hata cha kukuahidi."

"Sijakuomba ahadi. Nakuuliza, utanioa au hutanioa? Sema haraka, dereva anapakia."

Alitaka kusema maneno mazuri, kama ya zamani, hayakuja hata moja. "Nitakuoa," akasema. "Njoo."

Simu ikakatika. Sponji akabaki ameishika, akiutazama mlango ulio wazi na tope lililo nje.

"Anakuja?" Shangazi akauliza toka chumbani.

"Anakuja. Anafika kesho."

"Atalala wapi?"

Sponji alitembea kutoka sebuleni hadi chumbani, akarudi, akapima kwa macho, akapima kwa mikono, kama mtu anayeamini nyumba inaweza kukua akiitazama sana. Mwisho akaingia chumbani, akainama, akaweka bega kwenye kitanda cha Shangazi, Shangazi akiwa juu yake, akasukuma. Kitanda kikasogea shibiri moja, kikagota ukutani.

"Sukuma tena," Shangazi akasema.